Kumpeleka binti shule ya masista: maswali ninayoulizwa kila mwaka

Nilifundisha darasa la saba hapa Dodoma mpaka nilipostaafu, na mabinti zangu wawili wote wamesoma sekondari za wasichana za Kanisa Katoliki. Basi kila mwaka, mtihani wa darasa la saba ukishapita Septemba, wazazi hunisimamisha: nje ya kanisa baada ya misa ya kwanza, soko la Majengo nikichagua nyanya, hata msibani. Maswali ni yale yale. Nimeyaandika hapa na majibu yake. Mengine nimeyajibu kwa kirefu na mengine kwa mstari mmoja, maana hayana uzito sawa.

Mwalimu, "shule ya masista" mwenyewe ni nani hasa?

Watu husema "ya masista" kwa kila shule yenye msalaba getini, kumbe wenye shule ni tofauti. Nyingine ni za jimbo. Kwetu ni Jimbo Kuu la Dodoma, lililopandishwa hadhi hiyo mwaka 2014, na jirani zetu ni majimbo ya Singida na Kondoa. Nyingine ni za mashirika ya watawa. Hapa mjini tunawafahamu masista wa Mtakatifu Gemma Galgani, shirika la jimbo letu wenyewe, na Waabuduo Damu ya Kristo ambao asili yao ni Italia. Nyingine zina jina la mtakatifu lakini ni za mtu binafsi, Mkatoliki mwenye uwezo na nia njema. Si vibaya, ila uliza. Shule ya shirika ikiondokewa na mkuu wa shule, shirika huleta sista mwingine, na ukiwa na malalamiko una pa kuyapeleka. Kwa mtu binafsi ukishamaliza kuongea na mwenye shule umefika mwisho wa barabara.

Tena kuna bibi zetu wanaosema, "Mpelekeni pale niliposoma mimi kwa masista." Shule nyingi za misheni zilitaifishwa kuanzia mwaka 1969 na mpaka leo ni za serikali. Kwanza hakikisha hao masista bado wapo.

Sisi si Wakatoliki. Watampokea?

Watampokea. Dodoma ina Waanglikana wengi, Kondoa ina Waislamu wengi, na shule ya wasichana itakayochagua Wakatoliki peke yao huku kanda ya kati itabaki na madawati matupu.

Cha kuuliza ni ataishije akishapokelewa. Wasio Wakatoliki hufanya nini misa ya Jumapili inapoendelea? Kuna shule zinazomtaka kila binti aingie kanisani, akae na kunyamaza. Kuna nyingine zinazowaachia Waanglikana na Walutheri chumba cha ibada yao. Mzazi Mwislamu aulize habari ya hijabu, aulize Ramadhani daku inapikwa na nani, na aulize kama binti anaweza kusajiliwa mtihani wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, ambao Baraza la Mitihani linautoa kama linavyotoa ule wa Biblia. Ayaulize kabla ya kusaini fomu. Jirani yangu mmoja, Mrangi wa Kondoa, alisaini bila kusoma, na mwezi wa tatu akaja kugombana na mkuu wa shule juu ya mtandio. Sista alifungua faili, akamwonyesha saini yake mwenyewe. Hapo ugomvi ukaisha, lakini mtoto alilia wiki nzima.

Watamgeuza awe sista?

Wangu wawili, mmoja ni muuguzi na mwingine ana duka la vipodozi na watoto wawili. Jibu unalo.

Fomu zinatoka lini, na usaili ukoje?

Fomu za shule nyingi huanza kuuzwa kuanzia katikati ya mwaka, kabla mtoto hajafanya mtihani wa darasa la saba. Usaili wa kwanza hufanyika mara tu baada ya mtihani huo, watoto wakiwa bado wana moto, kisha huja wa pili wa kujazia nafasi zilizobaki. Ukingoja matokeo yatoke ndipo uanze kutafuta, utapata nafasi za kujazia. Si kwamba hazifai, ila huna tena uhuru wa kuchagua.

Kwa wanaotaka shule za mbali, zile ambazo majina yake hayakauki midomoni mwa wazazi kama St. Francis ya Mbeya, Marian ya Bagamoyo au Kifungilo ya Lushoto, uliza kwanza kama kuna kituo cha usaili Dodoma au mkoa wa karibu kabla hujakata tiketi.

Karatasi huwa na Hisabati, Kiingereza na maarifa ya kawaida. Baadaye sista huita watoto mmoja mmoja kwa mazungumzo. Jamani, msiwakaririshe. Nilikuwepo siku mtoto alipoulizwa kwa Kiingereza, "Kwenu mnafuga nini?" akajibu kwa sauti ya gwaride kwamba anataka kuwa daktari asaidie jamii yake. Sista alicheka mpaka akavua miwani, kisha akarudia swali kwa Kiswahili. Mtoto akasema, "Mbuzi, na punda mmoja mvivu." Huyo alichukuliwa.

Niandae karatasi gani?

Cheti cha kuzaliwa cha RITA, si tangazo la kizazi. Picha ndogo. Ripoti ya shule ya msingi. Namba ya PREM, yaani namba yake ya usajili wa mwanafunzi, ambayo mwalimu mkuu wake anayo. Mkatoliki aongeze cheti cha ubatizo. Akishapokelewa utapewa fomu ya daktari, nitaisema chini.

Kazi kubwa iko kwenye majina. Kwa miaka yote niliyofundisha, kilichowasumbua wazazi kuliko alama ni Magdalena wa cheti cha kuzaliwa kuwa Magreth kwenye daftari la shule, au jina la babu kuingia pale pa baba. Jina atakalosajiliwa nalo darasa la saba litamfuata kidato cha pili, cha nne, mpaka chuo. Kulirekebisha baadaye ni safari za mahakamani kutafuta kiapo. Nenda shuleni kwake akiwa darasa la sita, omba kuona alivyoandikwa, herufi kwa herufi.

Barua ya paroko ni lazima?

Baadhi ya shule huiomba, nyingine hazijali. Ila ukiihitaji, paroko atamwuliza mwenyekiti wa jumuiya yako, na mwenyekiti atasema ukweli kuhusu mara ya mwisho kukuona. Anza kuhudhuria mapema.

Amesoma shule ya serikali kwa Kiswahili. Ataweza Kiingereza?

Ataweza, lakini muhula wa kwanza utamtoa jasho. Sekondari karibu masomo yote ni kwa Kiingereza, ukiacha Kiswahili chenyewe na machache mengine. Mtoto aliyekuwa wa pili darasani kwangu, anayejua usanisinuru kama anavyojua njia ya kisimani, anafika kidato cha kwanza na kusikia jambo lilelile likiitwa jina ambalo hata kulitamka hawezi. Anadhani amekuwa mjinga. Wazazi nao, wakiona ripoti ya Juni, wanadhani hivyohivyo. Subirini Desemba.

Shule nyingi hutoa masomo ya maandalizi, wengi huyaita prifomu, kati ya Oktoba na Desemba, kwa malipo ya pembeni. Kwa mtoto aliyetoka shule ya Kiswahili, nashauri ulipe kama unaweza. Hata akipata Kiingereza kidogo tu, atakuwa amezoea bweni, kengele na marafiki kabla masomo halisi hayajaanza. Kwa aliyetoka shule ya msingi ya Kiingereza, naona ni kulipia likizo.

Na uliza wanamfanyaje mtoto anayeteleza akaongea Kiswahili. Zipo shule zinazomvisha kibao shingoni. Mimi hilo silipendi na nitalisema hapa hata kama kuna wakuu wa shule watakaonuna. Mtoto anayevishwa kibao hajifunzi Kiingereza, anajifunza kunyamaza.

Ada ni kiasi gani?

Bweni za wasichana za Kanisa nyingi huanzia milioni moja na kitu kwa mwaka, na zipo zinazopita milioni tatu. Lakini hilo ni swali la nusu. Ile karatasi ya kwanza yenye ada huwa na mwenzake, karatasi ya pili, na ndiyo inayoua watu: fedha ya tahadhari, kitambulisho, sare, huduma ya kwanza, mitihani ya ujirani mwema, mchango wa mahafali, kambi ya masomo ya likizo, na kidato cha pili na cha nne ada ya Baraza la Mitihani. Mwombe mhasibu akuandikie jumla ya mwaka mzima kwenye karatasi moja, kila kitu ndani. Mhasibu mzuri ataandika. Akianza kusema "tutaona huko mbele", ongeza wewe mwenyewe robo. Halafu weka nauli za likizo, kwenda na kurudi, na siku za kumtembelea.

Sasa tuongee sisi wakulima. Mkulima wa Dodoma ana msimu mmoja wa mvua. Januari, shule inapotaka fedha nyingi kuliko wakati wowote, ndipo ghala linapokuwa tupu na mtama bado uko goti. Mwenye zabibu huvuna mara mbili, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Anayepeleka mahindi Kibaigwa hushika fedha baada ya mavuno, katikati ya mwaka. Shule nyingi hugawa ada kwa awamu nne, lakini awamu zao zimepangwa kwa mtu wa mshahara. Nenda kwa mkuu wa shule mwezi wa Desemba, kabla ya kufungua, na barua yenye mpango wako: nitalipa hiki Januari, hiki Machi nikishauza zabibu. Namfahamu baba mmoja wa Mpunguzi aliyefanya hivyo miaka minne mfululizo na binti yake hakurudishwa nyumbani hata siku moja. Anayekwenda na hadithi hiyohiyo mwezi wa pili, mtoto akiwa tayari amesimamishwa getini na begi, haeleweki kama yule wa Desemba, ingawa shida yao ni moja.

Lipa benki, kwenye akaunti yenye jina la shule, na utunze stakabadhi mpaka amalize kidato cha nne. Usimpe mwalimu fedha mkononi. Usitume kwa namba ya simu uliyoletewa kwa ujumbe, hata kama ujumbe umeanza na "Tumsifu Yesu Kristo".

Na jambo la mwisho kwenye fedha: sekondari za serikali kidato cha kwanza mpaka cha nne hazina ada tangu mwaka 2016, na cha tano na cha sita tangu 2022. Ukianza shule ya kulipia, hesabu miaka minne, si mmoja. Binti anayeondolewa kidato cha tatu kwa ada huumia kuliko ambaye hakuenda.

Shule nzuri nitaijuaje? Nitazame matokeo?

Hili ndilo swali ambalo watu hulijibu vibaya, nikiwemo mimi.

Zamani tulingoja Baraza la Mitihani litangaze shule kumi bora. Kuanzia matokeo ya kidato cha nne yaliyotoka Januari 2023 orodha hiyo haitangazwi tena, na kwa maoni yangu ilichelewa kufutwa. Lakini matokeo ya kila shule bado yapo kwenye tovuti ya Baraza. Unatafuta jina la shule au namba ya kituo inayoanza na herufi S, unaona divisheni wani wangapi, tuu wangapi, mpaka ziro. Divisheni hupatikana kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: pointi 7 mpaka 17 ni wani, 18 mpaka 21 tuu, 22 mpaka 25 thrii, 26 mpaka 33 foo. Pointi zikipungua ndivyo anavyokuwa amefaulu zaidi.

Mimi nilimpeleka binti yangu mkubwa shule ambayo kidato cha nne haikuwa na foo hata mmoja. Sitaitaja. Majengo safi, masista wapole, maua mpaka kwenye uzio. Alisoma kidato cha kwanza na cha pili. Desemba ya kidato cha pili nikapata barua: wastani wa shule ni 50, binti yako amepata 47, tafadhali mtafutie shule nyingine. Upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili alikuwa ameufaulu. Walioondoka pamoja naye walikuwa wengi kiasi kwamba tulipokwenda kuchukua matranka, wazazi tulijaza uwanja.

Ndipo nikaelewa kwa nini shule haikuwa na foo. Iliwaondoa kabla.

Kwa hiyo siku hizi nawafundisha wazazi kuhesabu. Chukua matokeo ya upimaji wa kidato cha pili ya shule hiyo, tuseme ya mwaka 2021, uone walifanya wasichana wangapi. Kisha chukua ya kidato cha nne ya mwaka 2023, ambao ni watoto walewale miaka miwili baadaye, uone walifanya wangapi. Kama walikuwa 120 wakabaki 112, hiyo ni kawaida: kuna anayehama na mzazi aliyehamishwa kikazi, kuna aliyeshindwa ada, na kuna wageni walioingia kidato cha tatu. Kama walikuwa 120 wakabaki 70, muulize mkuu wa shule hao 50 wako wapi, na umtazame usoni anapojibu. Fanya kwa miaka mitatu tofauti, mmoja unaweza kudanganya.

Kisha uliza waziwazi: wastani wa kuvuka darasa ni ngapi, na asiyeufikia anafanywa nini? Anarudia? Anapewa masomo ya jioni? Anafukuzwa? Omba jibu liwe kwenye maandishi. Shule ambayo watoto wote wanaoanza ndio wanaomaliza, ikatoa wani chache na thrii nyingi, kwangu mimi inafundisha kuliko ile ya maua.

Binti yangu alipokelewa shule nyingine ya masista, ndogo, ya vumbi. Mkuu wa shule hakuniuliza mimi kitu. Alimgeukia yeye: "Wewe mwenyewe unaona kilikushinda nini?" Mtoto akasema Fizikia na usingizi. Alimaliza na divisheni tuu ya pointi 20. Huyo ndiye muuguzi.

Nikienda kuitembelea, nitazame nini?

Maji, kabla hujatazama maktaba. Nyote mnajua maji ya Dodoma yalivyo, yanakatika, na ya kisima mara nyingi yana chumvi mpaka sabuni haitoi povu. Hesabu matangi, uliza kisima kiko wapi, na uliza yakikatika siku tatu wasichana mia nne wanaoga nini. Kisha omba kwenda chooni. Usiulize vyoo viko wapi ili uambiwe ni visafi; sema umebanwa. Ona kama mlango una komeo kwa ndani, kama kuna ndoo ya kutupia pedi na kama kuna tanuru ya kuzichomea.

Bwenini tazama madirisha. Nondo zisizofunguka ni kinga dhidi ya mwizi na ni mtego wakati wa moto. Watu wa umri wangu hatujasahau moto ulioua wasichana bwenini Shauritanga, Kilimanjaro, 1994. Mlango uwe zaidi ya mmoja, na usiku ufunguo uwe kwa mtu anayelala mle mle.

Na mtafute matroni. Sista mkuu wa shule ndiye atakayekukaribisha soda, lakini usiku mtoto akiumwa tumbo atamwamsha matroni. Zungumza naye dakika kumi. Kama anawajua wasichana kwa majina, na wao wanampita bila kukimbia, nafsi itulie.

Amechaguliwa shule ya serikali. Niiache?

Kama ni shule ya kata yenye watoto themanini darasani na unaweza ada, sitakushangaa. Kama amepangiwa Msalato, ya vipaji maalumu, kaa chini ufikirie tena. Kuna wazazi walioiacha wakaenda kulipa mamilioni kwa sababu ya sare nzuri.

Binti yangu yuko darasa la tatu. Kuna bweni la masista la watoto?

Hapana. Tangu Machi 2023 serikali imezuia bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Na hata kama ingeruhusu, mtoto wa miaka tisa anahitaji mama.

Eti mwaka 2028 nafasi zitakuwa ngumu?

Ndiyo, jiandaeni. Walioingia darasa la tatu mwaka 2024 wanasoma mtaala mpya wa miaka sita, kwa hiyo watamaliza darasa la sita 2027, mwaka uleule ambao kaka na dada zao wanamaliza la saba. Makundi mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa pamoja. Mwenye mtoto katika kundi lolote kati ya hayo anunue fomu mapema.

Fomu ya daktari ina kipimo cha mimba. Ni lazima?

Shule nyingi za bweni hukiweka, na mara nyingi hurudia kila wanaporudi likizo. Najua akina mama wanavyojisikia kulisoma hilo kuhusu mtoto wa miaka kumi na tatu. Uliza nani anapima, wapi, na majibu anaambiwa nani kwanza. Kuwapanga wasichana foleni na kusomewa majibu mbele ya wenzao ni aibu isiyo na sababu, na mzazi ana haki ya kulisema. Uliza pia, kwa utulivu, shule itafanya nini ikitokea. Serikali ilitoa waraka mwaka 2021 unaowaruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito kurudi darasani. Usikie shule yako inauelewaje.

Sehemu nyingine za fomu hiyo jaza kwa ukweli. Mtoto mwenye pumu asifichwe, vumbi la Dodoma la mwezi wa nane halifichi mtu. Mwenye selimundu (sikoseli) vilevile. Dawa mkabidhi matroni, na jina la dawa umwandikie.

Anunuliwe vitu gani?

Orodha utapewa. Nunua vilivyoandikwa, usiongeze. Tranka la bati imara, godoro la kipimo walichosema (likizidi halitaingia kitandani), shuka mbili za rangi waliyotaja, chandarua, ndoo yenye mfuniko, beseni, sahani na kikombe visivyovunjika, rimu za karatasi, jembe au kwanja. Sweta hata kama unaona joto: Juni na Julai asubuhi hapa meno hugongana. Pedi za muhula mzima, si za mwezi, kwa sababu dukani shuleni huisha na mtoto huona haya kuomba. Kama hajavunja ungo bado, mpe hivyohivyo, na mweleze wewe kabla hajaelezwa na wasichana wa kidato cha tatu.

Kila kitu kiandikwe jina. Soksi pia. Hasa soksi.

Simu?

Hapana. Atatumia ya matroni siku zilizopangwa. Usimfichie ndani ya unga wa uji, wanajua.

Mtoto mwenyewe hataki kwenda.

Hapa huwa nauliza mzazi: hataki bweni, au hataki shule hiyo, au hataki kuachana na rafiki yake? Mara nyingi hawajui, hawajamwuliza. Kuna anayehofu giza. Kuna anayekojoa kitandani na hajamwambia mtu. Kuna, nasema kwa uchungu, anayeogopa kumwacha mdogo wake na mjomba fulani nyumbani. Mpeleke akaione shule kabla ya usaili, mwache azungumze na wasichana bila wewe kusimama pembeni. Akirudi bado hataki, na sababu yake ina kichwa na miguu, zipo shule za kutwa.

Ila kulia wiki tatu za kwanza si kutotaka. Wangu wa pili alinilaani kwenye barua mbili. Ya tatu aliomba karanga.

Siku ya kuripoti nifanye nini?

Fika asubuhi. Anayefika saa kumi jioni hupata kitanda cha juu karibu na mlango. Nenda na stakabadhi za benki, nakala mbili mbili, na uende wewe mwenyewe, si dereva wa bajaji na barua. Tranka litafunguliwa na kupekuliwa mbele yako, usione ni dharau. Tandikeni kitanda pamoja, mjue jirani yake wa kitanda anatoka wapi, chukua namba ya matroni na usiipige jioni hiyohiyo.

Kufuli la tranka lina funguo mbili. Mmoja mfungie kamba ya shingoni. Ule wa pili, akina baba hupenda kumwachia mtoto "akipoteza atumie huo", na anaupoteza pamoja na ule wa kwanza. Ondoka nao.